Tabitha na Tarumbeta za Siku ya Muungano

Watu wa Sekei, pale Arusha, wanamjua Tabitha kwa miche yake ya parachichi, ambayo haifi hovyo, na kwa besi. Besi ni ile tarumbeta kubwa kuliko zote, ambayo mpigaji huikumbatia kama mtu aliyebeba mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Kwa kawaida hupewa mwanamume mwenye kifua kipana. Tabitha ni mfupi, mwembamba, na ukimsalimia njiani anaitikia kwa sauti ambayo inabidi uisogelee ili uisikie. Lakini akiishika besi, hata kuku wa jirani wanaacha kuparura.

Alizaliwa juu mlimani, upande wa Nkoaranga, katikati ya migomba na kahawa ya baba yake, Mzee Sifael Nanyaro. Mzee huyo alipiga besi ya usharika wa Kilutheri tangu ujana wake, na tamaa yake ilikuwa mmoja wa wanawe wa kiume airithi. Wa kwanza akaenda zake Mererani kutafuta mawe ya thamani. Wa pili alikuwa na pumu. Akabaki binti. Washarika walipomwona msichana anayumba na lile dude getini mwa kanisa, walimcheka baba yake.

"Sifael, unamtwisha mtoto wa kike bomba la maji?"

"Mapafu hayavai gauni wala suruali," alijibu mzee. "Mwacheni apulize."

Akapuliza. Amepuliza harusini, msibani, Krismasi, Pasaka, na siku askofu alipokuja kuzindua choo cha shule ya Jumapili. Alipoolewa aliteremka mlima na kuhamia Sekei, akaanzisha kitalu cha miche kando ya barabara, na besi ikashuka naye.

Aliyemwoa alikuwa Dismasi, dereva wa lori kutoka Songea. Dismasi alisimama siku moja kununua mche mmoja wa mwembe, akaanza kuongea, na kwa kusema kweli hajanyamaza mpaka leo. Wanaofahamu ndoa yao wanasema Mungu alikuwa na kipimo kimoja cha maneno kwa ajili ya wote wawili, akampa Dismasi chote.

Hawakubahatika kupata mtoto wao. Lakini dada mkubwa wa Tabitha alipofariki, aliacha mtoto wa kiume aitwaye Bariki, naye akalelewa palepale kitaluni, kati ya viriba vya udongo na ndoo za mbolea. Tabitha alimfundisha kupuliza kabla hajaanza shule. Alikata kipande cha mpira wa kumwagilia, akamwonyesha namna ya kubana midomo mpaka mpira uimbe. Majirani walidhani ana nyuki. Miaka ikapita, Bariki akawa mpiga soprano, ile sauti ya juu inayobeba wimbo, na wa kwanza wa kikundi, yule ambaye wengine wote wanamfuata. Alienda chuo, akamaliza, akarudi na cheti kizuri ambacho hakikupata ofisi ya kukipokea.

Hapo ndipo Kivyake walipomkuta.

Jina lao kamili lilikuwa refu, lakini kila mtu aliwaita hivyo kwa sababu ya maneno waliyoandika ukutani kwa rangi ya kijani: KASKAZINI KIVYAKE. Walitaka mikoa ya kaskazini ijitenge, iwe nchi yake. Walisema mlima ni wetu, kahawa ni yetu, watalii wanakuja kwetu, halafu vinavyopatikana vinaliwa na wengine. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye vijana wakaanza kuvaa vitambaa vya kijani shingoni, na wakaanza kuuliza mitaani nani ni wa wapi. Mama aliyeuza chapati Sombetini miaka mingi akaulizwa atarudi lini kwao Sumbawanga. Asubuhi moja mlango wa duka la Jamaludin, anayeuza vifaa vya ujenzi, ukakutwa umeandikwa RUDINI KWENU. Lango la gereji ya Paramjit, kule Lemara, likaandikwa pia.

Nyumbani kwa Tabitha neno hilo liliingia mezani.

"Baba mdogo, wewe hayakuhusu haya," Bariki alimwambia Dismasi. "Wewe ni wa hapa."

"Nimekuwa wa hapa lini? Mbona sikuarifiwa?"

"Unajua ninachomaanisha."

"Najua. Ndiyo maana tonge limenikwama."

Bariki akasukuma sahani. Akaeleza tena habari ya babu yake, aliyekufa akiwa maskini huku kahawa yake inanywewa hotelini Ulaya, na habari ya magari ya watalii yanayopita yakiwaachia vumbi. Tabitha alisikiliza huku anaangalia mikono yake. Vumbi lilikuwa la kweli. Kahawa nayo ilikuwa ya kweli. Alichokosa ni maneno ya kusema kwamba mtu anaweza kuwa na kidonda cha kweli na bado akaomba dawa ya sumu. Akainuka, akakusanya sahani.

Mwezi wa tatu mtendaji wa kata alimwita Mwalimu Gerson, kiongozi wa kikundi cha tarumbeta cha usharika. Wazee wa mitaa, mashehe, wachungaji na viongozi wa jumuiya mbalimbali walikuwa wamekubaliana kufanya matembezi ya umoja Siku ya Muungano, kuanzia Sombetini hadi katikati ya mji. Walihitaji tarumbeta mbele.

"Watu wanaogopa," mtendaji alisema. "Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka nje. Lakini wakisikia tarumbeta wanajua wengine wameshatoka."

Mwalimu Gerson akakubali kwa niaba ya kikundi. Jumamosi iliyofuata Bariki na wenzake watatu hawakuja mazoezini. Tarumbeta zao pia hazikuja. Ikajulikana kwamba Kivyake watakusanyika siku ileile, asubuhi ileile, na wao sasa wana muziki.

Mwalimu Gerson alikaa kwenye benchi la kanisa akaweka kofia magotini. "Soprano zote nne," alisema. "Wimbo bila soprano ni nyumba bila paa. Nitamwambia mtendaji atafute spika na muziki wa simu."

Tabitha alirudi nyumbani akiwa ameelewa jambo moja kwa uwazi uliomtisha. Bila tarumbeta watu hawatatoka. Wasipotoka, ule ukimya wa barabarani utakuwa jibu. Jamaludin atausikia nyuma ya mlango wake ulioandikwa. Paramjit atausikia. Na Dismasi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa ameshinda siku nzima bila kutania mtu, atausikia akiwa nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani akaenda dukani kwa Jamaludin. Alikuwa mteja wa miaka mingi pale. Mipira yote ya kitalu ilitoka kwake.

"Karibu dada Tabitha. Leo mpira wa mita ngapi?"

"Leo sitaki mpira, kaka. Nataka tarumbeta."

Jamaludin akavua miwani. Ni Mbohora, Mwislamu wa jumuiya yenye asili ya India, na Mabohora wa mjini wana bendi yao ya skauti, yenye tarumbeta na ngoma, ambayo Tabitha alikuwa ameiona mara nyingi ikipita kwenye maandamano ya sikukuu zao. Binti wa Jamaludin, Zahabiya, ndiye aliyeongoza tarumbeta.

"Mlango wangu umeuona," Jamaludin alisema polepole. "Mke wangu anasema twende Dar kwa kaka yake mpaka haya yapite. Sasa wewe unataka nitoke barabarani, tena na mtoto, tena tukipiga kelele?"

Hapa palihitaji hotuba, na Dismasi hakuwepo.

"Besi ni kubwa," alisema Tabitha. "Ukiogopa, utajificha nyuma yake."

Jamaludin alimwangalia yule mwanamke mfupi, akaipima besi kichwani mwake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka Zahabiya akatoka stoo na rida yake, vazi la wanawake wa Kibohora, imejaa vumbi la saruji, kuuliza kuna nini.

"Dada Tabitha anataka tukapige naye," alisema baba yake akijifuta macho. "Unasemaje?"

"Lini mazoezi?" Zahabiya aliuliza.

Tatizo lilikuwa mahali. Kanisani wengine wangejisikia wageni, na kwa Mabohora wengine wangejisikia vivyo hivyo. Dismasi, aliyekuwa amerudiwa na ulimi wake, akaenda kuongea na Paramjit, na Paramjit akatoa uwanja wa gereji. Paramjit ni Singasinga mzaliwa wa Arusha, mwenye kilemba cha bluu na Kimaasai fasaha kuliko cha wateja wake wengi. Alipofika Tabitha kumshukuru, alimkuta anasogeza gari bovu.

"Wameniandikia langoni nirudi kwetu," alisema. "Majivu ya babu yangu yalitiwa mto Themi. Sasa nikirudi kwetu nirudi wapi, mama? Mtoni? Kuna baridi."

Kisha akaonyesha kona ya gereji, ambako ngoma yake kubwa ya Kipunjabi ilikuwa imetundikwa juu ya matairi. "Na hii inakuja. Msinikatalie, nimeshaipangusa."

Basi wakakusanyika: tarumbeta za Kilutheri upande mwembamba wa uwanja, skauti wa Kibohora upande wa pili wakiwa wamenyooka kama misumari, na Paramjit katikati na ngoma tumboni. Mwalimu Gerson akagawa karatasi za nota, nakala safi, kila mtu yake. Akainua mkono. Moja, mbili, tatu.

Kilichotoka kilikuwa kama malori mawili yanayopigiana honi kwenye kona. Mbwa wa gereji akaingia chini ya gari. Fundi mmoja aliyekuwa amelala chini ya gari hilohilo akatoka.

Mwalimu Gerson akashusha mkono, akamtazama Zahabiya. "Binti, umeruka nota."

"Shikamoo mwalimu. Sijaruka."

"Marahaba. Umeruka. Uko chini."

"Samahani mwalimu, ni ninyi mko juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya karatasi."

Wakarudia. Safari hii mbwa akalia. Mpiga tarumbeta ya tena, ile sauti ya tatu, mmoja wa usharika, akasema skauti wafundishwe upya kusoma. Skauti mmoja akajibu kwamba wao walifundishwa na mtu aliyejua kusoma. Paramjit akainua mikono yote miwili: "Mimi ngoma yangu haina nota, msinitazame." Hakuna aliyecheka. Wakajaribu mara ya tatu, ikawa mbaya zaidi kwa sababu sasa kila upande ulikuwa unapiga kwa nguvu ili upande wa pili usikie makosa yake.

"Mnaona?" alisema yule mpiga tarumbeta ya tena, akikung'uta mate kwenye tarumbeta. "Wale vijana wanasemaga hatuwezi kukaa pamoja, tunawaona wajinga. Karatasi moja, nukta moja, na bado kila mtu ana lake."

Tabitha alihisi besi imekuwa nzito ghafla, nzito kama siku ile ya kwanza getini mwa kanisa. Aliona Jamaludin anaangalia saa. Akaona skauti wawili wanaanza kufungua mifuko yao.

Ni Zahabiya aliyevuka uwanja. Aliomba tarumbeta ya Mwalimu Gerson kwa mikono miwili, akaitazama, akampa yake. "Mwalimu, tafadhali niigizie nota ya kwanza. Usipulize, bonyeza tu."

Mwalimu akabonyeza. Zahabiya naye akabonyeza. Wakatazama vidole vyao. Kwa nukta ileile ya kwanza kwenye karatasi, mwalimu alikuwa amebonyeza vitufe viwili na Zahabiya hakubonyeza chochote.

"Ehee," alisema Mwalimu Gerson.

Ikaeleweka taratibu. Babu zao kina Gerson walifundishwa tarumbeta na wamisionari wa Kijerumani, ambao walikuwa na njia yao ya kuzipa sauti za tarumbeta majina. Skauti walifundishwa kwa njia ya bendi za Kiingereza, ambayo ni nyingine, hivyo nukta ileile iliwapa sauti tofauti. Kila upande ulisoma sawasawa, kama ulivyofundishwa. Zaidi ya miaka mia moja walikuwa wamepuliza katika mji mmoja bila kujua, kwa kuwa hawakuwahi kupuliza pamoja.

"Kwa hiyo hakuna aliyekosea," alisema Jamaludin.

"Wamekosea Wazungu," alisema Dismasi, na watu wakacheka.

Lakini kicheko hakikuandika nota upya. Mwalimu Gerson alisema anaweza kuzigeuza zote kwa mkono, ila siku zilizobaki zilikuwa chache, na vidole vilivyozoea njia moja tangu utotoni havibadiliki kwa wiki. Watu wakaanza kuangalia lango tena.

"Wekeni karatasi chini," alisema Jamaludin. Alivua koti akalitundika kwenye kioo cha gari. "Mwalimu, wewe ulisoma shule gani ya msingi?"

"Mimi? Huko juu, Akeri."

"Mlikimbia mchakamchaka?"

"Nani hakukimbia mchakamchaka?"

Na Jamaludin, mzee wa Kibohora mwenye kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akaanza kupiga miguu chini, kushoto kulia, palepale juu ya mafuta machafu ya gereji, akiimba kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu anayekimbia alfajiri na kiranja mwenye fimbo nyuma yake. Ulikuwa ule wimbo ambao kila shule iliuimba, wenye mmoja wa kutoa na wote wa kuitikia. Fundi wa chini ya gari akaitikia. Yeye alisoma Kondoa. Dismasi akaitikia kwa maneno tofauti kidogo, ya Songea. Mwalimu Gerson alisema mchakamchaka si wimbo wa tarumbeta, lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kumkana. Ngoma ya Paramjit ikaingia.

Tabitha akafumba macho akatafuta. Hakutafuta jina la nota. Alitafuta tu ile sauti ya chini kabisa ambayo wimbo ulikuwa unasimama juu yake, akaipata, akaishikilia. Tarumbeta za tena zikaja zikakaa juu yake. Alto zikaja. Upande wa pili skauti nao wakaitafuta kwa masikio, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa ndani.

Aliyebaki nje alikuwa Zahabiya. Amesimama na tarumbeta mkononi, haya zimemjaa.

"Mimi siujui," alisema. "Sisi hatukukimbia. Tulikuwa na basi la shule."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Baba yake akamshika mkono, akamkimbiza kuzunguka magari mabovu, yeye anaimba na binti anaitikia, rida inapepea, mpaka wimbo ukamwingia kupitia miguuni, mahali ulipoingilia kwa wote. Alipoupiga, aliupiga kama aliyezaliwa nao. Tabitha aliporudi nyumbani jioni ile alipiga magoti kando ya kitanda kushukuru, akajikuta hajui aanzie kwa nani.

Siku ya Muungano ilikuja na mvua ya manyunyu. Mlima ulikuwa umejifunika wote. Sombetini barabara ilikuwa tupu. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, bodaboda zimeegeshwa chini ya kibaraza bila waendeshaji. Mtendaji alikuwepo, na wachungaji na mashehe wachache chini ya miavuli, na polisi wawili. Nyuma ya bendi hakukuwa na mtu.

"Tuanze?" aliuliza Mwalimu Gerson.

Tabitha aliutazama mtaa. Dismasi alikuwa kando yake, kimya, na kimya cha Dismasi ndicho kilichomfanya apachike besi mdomoni kabla mwalimu hajainua mkono.

Wakapiga. Wakatembea. Nyumba ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, hakuna mtu. Kisha mlango mmoja ukafunguka, akatoka Hedwiga, yule mama wa chapati aliyeulizwa atarudi lini Sumbawanga, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Alisimama, akasikiliza, na kwa sauti iliyotoka tumboni akaitikia kiitikio chote peke yake.

Baada ya hapo Tabitha alisikia milango zaidi kuliko alivyoiona, maana mpiga besi haoni vizuri mbele. Alisikia makomeo. Alisikia kandambili kwenye matope, kisha kandambili nyingi. Alisikia Kinyaturu, Kiha, Kichaga, Kimaasai, na juu ya vyote ule mwitikio mmoja ambao hakuna aliyefundishwa mara mbili. Walipokata kona ya kwanza alithubutu kugeuka. Barabara nyuma yao ilikuwa haionekani tena kwa wingi wa watu.

Kivyake walikuwa wamesimama kwenye daraja dogo kabla ya kuingia Ngarenaro. Walijipanga kukata barabara, vitambaa vya kijani vimelowa. Mbele alikuwa Nathanael, kijana mrefu aliyekuwa msemaji wao, na kando yake Bariki na wale watatu, tarumbeta tayari. Walianza kupiga wimbo wao ili kuuzamisha huu. Walipiga vizuri, Tabitha ndiye aliyewafundisha wote wanne. Lakini walikuwa soprano tupu, na chini yao palikuwa patupu, wakati wimbo unaokuja ulikuwa na ngoma ya Paramjit na mamia ya miguu. Bendi ikasimama hatua chache mbele yao bila kunyamaza, ikipiga miguu papohapo. Polisi wakatazamana.

"Oya Nathanael," alisema kijana mmoja wa Kivyake, "unapiga mguu."

"Nani?"

"Wewe. Kushoto kulia."

"Nakung'uta matope, bwana!"

"Matope gani yanakung'utwa kwa wimbo?"

Ilikuwa kweli. Na si yeye peke yake. Safu nzima ya darajani ilikuwa inacheza magotini, maana miguu iliyokimbizwa alfajiri kwa miaka saba haiombi ruhusa. Hedwiga akapita katikati ya tarumbeta, unga umekuwa ujiuji kwenye mikono.

"Nathanael mwanangu, mama yako yuko huku nyuma. Mwavuli wake umevunjika, anasema uje umshikie."

"Mwambie nina kazi."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi simpelekei mama wa mtu neno kama hilo."

Nathanael alitazama wenzake. Akatazama mvua. Mtu anaweza kutaka nchi mpya, lakini hawezi kumwacha mama yake alowe mbele ya watu wanaomjua. Akaondoka, akipita pembeni, kichwa chini, kwenda kushika mwavuli. Mahali alipokuwa amesimama pakawa njia, na bendi ikapita hapo.

Bariki hakupiga tena. Alibaki amesimama ukingoni mwa daraja, tarumbeta imeshuka. Tabitha alipita karibu naye kiasi cha kugusana, mdomo wake uko kwenye besi, hawezi kusema neno. Wakatazamana tu. Akavuka.

Ya katikati ya mji Tabitha hayakumbuki sana. Palikuwa na hotuba, palikuwa na chai. Anachokumbuka ni kwamba alizunguka kutoka mtu hadi mtu akiwashukuru: Zahabiya, skauti wote, Paramjit aliyelowa hadi ndevu, Hedwiga, yule mpiga tena wa usharika, watu wa Sombetini ambao hakuwajua majina. Kila alipofika alisema "asante" kwa ile sauti yake.

"Dada Tabitha," alisema Jamaludin, "shukuru kwa besi. Hivi hatusikii."

"Huendi Dar?" aliuliza Tabitha.

"Mke wangu yuko pale, ananunua mahindi ya kuchoma. Unamwona kama mtu anayesafiri?"

Jioni, kabla jua halijazama, bodaboda ilisimama mbele ya kitalu. Bariki akashuka na gunia. Ndani yake kulikuwa na tarumbeta zote nne, zimefutwa maji moja moja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba."

Akapanga tarumbeta juu ya benchi la kupandia. Alichukua muda mrefu kuzipanga. "Sijabadilisha mawazo kuhusu kahawa," alisema.

"Nani amekuambia ubadilishe? Bei ni mbaya. Kaseme, nami nitakuja nikae mbele nikusikilize." Tabitha alivuta pumzi, hakumbuki kama aliwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. "Lakini huyo aliye ndani anayechemsha maharage, usitafute nchi ambayo yeye ni mgeni. Mimi siwezi kuishi huko. Wala wewe."

Kutoka jikoni sauti ya Dismasi ilikuwa inamweleza jirani habari ya daraja, na katika masimulizi yake vijana wa darajani walikuwa tayari mara mbili ya walivyokuwa.

"Ananisema?" aliuliza Bariki.

"Amesema ulipiga vizuri kuliko wote. Nenda umsikie."

Kijana alisogea hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha akageuka. Akawa anaikuna shingo, mahali kitambaa kilipokuwa.

"Mama mdogo. Pale darajani besi ilichelewa."

"Ilichelewa, eti?"

"Ulikosa kuingia kwenye kiitikio. Mara mbili. Mwalimu hakuona, ila mimi nilisikia."

"Nilikuwa nakutazama wewe," alisema Tabitha.

Bariki aliinama chini ya kizingiti akaingia jikoni, na Tabitha akamsikia akisema shikamoo baba mdogo, nipe mwiko, nitapakua mimi.